Michembe ya Kabula

Mwanangu, siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyopata ajira. Ulikuwa mwezi wa saba, asubuhi, natoka kwenye ghala la pamba kwenda kutafuta uji. Mbele yangu alikuwa anakuja mama mmoja mtu mzima, amejitwika kuni. Alipoinua macho akaniona, alisimama, akaacha njia, akaingia katikati ya mabua ya mtama na mzigo wake wote kichwani. Nilipofika usawa wake alikuwa amenipa mgongo, kimya, anangoja nipite. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikasema moyoni, huyu mama ananichukia.

Huyo alikuwa mama yake Kabula. Ilinichukua miaka kujua alikuwa anafanya nini ndani ya mabua yale, na nilipojua nilikuwa nimeshachelewa. Ndiyo maana nimekuita, mjukuu wa ndugu yangu, ukae hapa kidogo kabla hujarudi huko machimboni kwako Geita. Juzi nilikusikia ukiwasimulia wenzako kwamba una binti wa wakati wa mvua Kahama, na mwingine wa kiangazi huko huko machimboni, mkacheka mpaka mkashikana mabega. Hata mimi nilitabasamu, maana unasimulia vizuri. Halafu nikaenda kujilaza, na usingizi wa mchana, ambao siku hizi ndiyo rafiki yangu mkubwa, ukanikataa kabisa.

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa kupima pamba. Usinione hivi nilivyo na magoti yanayolia. Nilikuwa kijana wa shati jeupe, kalamu mfukoni, nywele zimechanwa zikatuna. Pamba ikianza kuvunwa, napelekwa kwenye ghala la kijiji kimoja upande wa Songwa, nakaa chumba cha nyuma ya ghala na mizani yangu. Wakulima wanaleta mizigo, napima, natenga pamba safi na fifi, ile chafu, vijana wanashindilia magunia, lori linakuja kubeba. Lori la mwisho likijaa, kiangazi nacho kimekwisha, napanda juu ya magunia narudi Shinyanga mjini kungoja msimu mwingine.

Makarani wengi tulikuwa hatujaoa, na maisha hayo tuliyapenda. Mwenzangu mmoja, Maganga, aliyekuwa kwenye ghala la kijiji cha pili, ndiye aliyekuwa mwalimu wetu katika mambo haya. Alikuwa na msemo wake, mchumba wa pamba, yaani yule unayempata mizani ikifunguliwa na kumwacha mizani ikifungwa. Alitufundisha tusiahidi kitu, tusikatae kitu, na tukiulizwa habari za mwakani tuseme Mungu akipenda. Wakati wa mvua, mjini, kila mtu alikuwa na mtu mwingine. Hatukujiona wabaya hata kidogo. Tulijiona vijana wenye akili, na wanaume waliooa mapema tukiwaonea huruma.

Sasa kuna jambo lazima nikuambie, la sivyo utaniona mjinga kupita kiasi. Mimi sikulelewa kijijini. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli Tabora, mama alifariki nikiwa mdogo, na nilikulia kwenye kota pamoja na watoto wa makabila yote, kisha nikapelekwa shule ya bweni. Jina nilikuwa nalo, Masele, na watu wakilisikia wanafurahi kwamba huyu ni wa kwetu. Lakini Kisukuma changu kilikuwa cha kuamkia watu na kuombea maji ya kunywa. Mila zetu nilizijua nusu nusu, kwa kusikia wakubwa wakizitaja, na sikuwa na hamu ya kuzijua zaidi.

Kabula nilimwona kwenye foleni ya mizani, amekuja na baba yake na mkokoteni wa ng'ombe. Nyuma ya ghala nilikuwa nimeacha sufuria ya maharage jikoni, na wakati napima mzigo wao harufu ya kuungua ikafika mpaka mbele. Nilijifanya siisikii. Kabula akasema taratibu kwamba karani anapika makaa leo. Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa ndicho kilikuwa chakula changu pekee cha siku hiyo. Jioni yake akaja mdogo wake na bakuli limefunikwa kwa sahani.

Ndani ya bakuli mlikuwa na michembe. Wewe siku hizi unaiona sokoni Kahama imewekwa kwenye mafungu huipi hata macho, kwa hiyo nikueleze. Viazi vitamu vikishachimbwa, akina mama wanavimenya, wanavikata vipande vyembamba, wanavianika juu ya mwamba mpaka vinakauka na kuwa vigumu. Ni akiba ya wakati wa njaa, mvua zinaponyesha na kihenge kimepungua. Inapikwa polepole mpaka ilainike. Ile ya Kabula ilikuwa imeungwa na karanga za kutwanga, nzito, ina utamu wa mbali na chumvi kidogo. Nilikula nimekaa kwenye kizingiti cha chumba changu, na mwanangu, nusura nilie. Sikuwahi kula chakula kilichonipoza moyo namna ile tangu mama alipoondoka. Nililamba bakuli, na sioni haya kukuambia.

Tangu hapo Kabula akawa wangu wa msimu. Hivyo ndivyo nilivyosema mimi, yeye hakusema hivyo. Tulikaa nyuma ya ghala baada ya kazi, ananicheka jinsi ninavyotamka Kisukuma, namsimulia habari za Tabora. Alikuwa binti mwenye maneno machache na macho yanayoona kila kitu. Akinipikia, hakai kunitazama nikila kama wengine wanaotaka kusifiwa. Anaendelea na kazi yake, na nikimaliza ananiuliza kama nimeshiba, ananitazama usoni kuhakikisha sisemi uongo.

Ni katika msimu huo mama yake alianza kunikimbia. Mwanzoni, wakati nilikuwa karani tu, alikuwa akinisalimia vizuri, hata kunitania kwa wembamba wangu. Ghafla akabadilika. Akiniona njiani, anachepuka. Nikifika kwao kubisha hodi, sauti yake inakatika humo ndani kama redio iliyozimwa, na anayetoka ni Kabula au mdogo wake. Siku moja aliniona kwenye kisima akaacha ndoo na kuondoka. Nilijitahidi kumpendeza. Nilimpelekea sukari, akaipokea kwa mkono wa mtoto. Siku nyingine alipoingia tena kwenye mabua na mzigo wa kuni, nilisema leo namaliza ugomvi huu, nikamfuata humo humo nimpokee mzigo. Yule mama alitupa kuni chini akakimbia, mtu mzima yule, mtandio unamdondoka. Wanawake waliokuwa kisimani waliangua kicheko, na mimi nikacheka nao bila kujua tunacheka nini. Hiyo nayo ninaikumbuka sasa na kuona aibu mpya kila mara.

Nilikuja kumwambia Maganga kwamba mama wa yule binti hanitaki hata kuniona. Akasema vizuri, imekurahisishia kazi, siku ukitaka kuondoka sababu ipo tayari. Nami nikaiweka sababu ile moyoni.

Lori la mwisho lilipokuwa linapakia, Kabula alikuja na kifuko cha turubai kimejaa michembe, na fungu la nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Akasema ni ya masika. Nilishukuru, nikakitupa kifuko juu ya magunia, nikampungia mkono mpaka vumbi likamficha. Mwaka uliofuata nikarudi, tukaendelea pale tulipoishia, naye akaniletea tena kifuko siku ya kuondoka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu akate viazi mwezi wa sita, avianike, avilinde na mbuzi na umande, kwa ajili ya mwanamume ambaye kila mtu anajua ataondoka. Niliona ni zawadi tu, kama vile mtu anavyofungiwa mayai ya safari.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo nikiisimulia natazama chini. Mjini, masika ile, nilikuwa na dada mmoja jirani aliyekuwa akija kunitembelea. Mvua ilinyesha siku nzima, tukawa na njaa, nikamtolea kile kifuko nikamwambia apike. Alicheka kwamba nakula chakula cha shamba, akaipika upesi upesi, ikabaki migumu katikati. Tukala hivyo hivyo, na iliyobaki wakala rafiki zangu wakicheza karata. Michembe ya Kabula ikaisha kwa wiki moja.

Msimu wa tatu, siku tu za mwanzo, Kabula akaniuliza michembe ilikuwaje. Nikamjibu, tena kwa kicheko, kwamba ilikuwa mizuri ila aliyepika hakuichemsha vya kutosha.

"Nani aliipika?" akauliza.

"Dada mmoja jirani yangu," nikasema, nikaendelea na habari nyingine.

Alikuwa anapepeta karanga. Mikono yake haikusimama, na ndiyo maana sikuona kitu. Alipepeta mpaka akamaliza, akanipa karanga za kutafuna, akaenda kwao. Kesho yake alileta chakula, keshokutwa pia, na tulicheka kama kawaida. Mpumbavu mimi nikaona mambo yako shwari. Lori la mwisho liliondoka bila kifuko. Nilidhani viazi havikukubali mwaka ule, na sikuuliza.

Mvua za mwaka huo zilinikuta kitandani. Homa ilinishika nikatetemeka siku nyingi, chumba kinavuja, nguo zinanuka ukungu. Yule dada jirani alikuwa ameshahama, na wala sikujua amehamia wapi. Maganga alikuja akaniletea chai na andazi la juzi, akakaa kidogo, akaenda kwenye mambo yake. Sikumlaumu, maana mimi nami nisingekaa kwake zaidi ya hapo. Nilipoanza kupata nafuu, mdomo ulikuwa mchungu na kila kitu nikikiweka ulimini nakitema. Kitu kimoja tu nilikitamani, michembe yenye karanga, kwenye lile bakuli lililofunikwa kwa sahani. Nikajigeuza ukutani nikalia kama mtoto. Nilikuwa nalilia chakula mwanzoni. Baadaye nikatambua kwamba namlilia mtu, kwamba katika watu wote niliowajua hakuna mwingine ambaye angeniuliza kama nimeshiba na kuningoja nijibu.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwa shangazi yangu Nyamizi, dada yake baba, aliyekuwa anaishi kijiji cha karibu na mji. Nikamwambia nimepata mke. Alifurahi sana, akaniuliza ni nani, nimekwenda kwao mara ngapi, wazazi wanasemaje. Nilimwambia baba yake ni mtu mwema, ila mama ananichukia. Alitaka kuniuliza zaidi nikamkatiza, nina haraka, twende. Akasema mambo haya yanataka wazee wa kiume na mpangilio, lakini kwa kuwa homa imenitia wazimu tutangulie sisi wawili tukabishe hodi, wazee watafuata. Mwezi wa tano, njia zilipokauka, tukaenda.

Mwanangu, sikupata kupokewa hivyo mahali popote. Tulipoingia uani, aliyetoka wa kwanza kutulaki alikuwa mama yake Kabula. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama usoni, akaniuliza habari za kazi na habari za homa, maana walikuwa wamesikia kwamba niliugua. Alinipa kigoda cha kukalia. Akamkamata jogoo. Wakati wa kula alininawisha mikono yeye mwenyewe, akakaa palepale nasi, akanisukumia paja la kuku na kuniambia kula, mgeni wetu, umekonda. Alinisimulia habari za mavuno, akacheka, nikacheka. Moyo wangu ulijaa. Nilijisemea, kumbe ugonjwa umeniletea heri, mama amenikubali. Nilikula mpaka nikaona haya.

Shangazi hakula. Alimega tonge moja, akalishika shika, akawa anawatazama wale wazazi na kunitazama mimi. Baba yake Kabula alizungumza habari za ng'ombe na mvua tu. Kila shangazi alipotaka kuanza neno lililotuleta, mzee yule kwa upole kabisa alilihamisha. Kabula alipita kuchukua vyombo, akatuamkia, akarudi jikoni.

Tulipoaga, Kabula alitumwa atusindikize. Shangazi akatangulia makusudi, akituacha nyuma. Nilikuwa na furaha hata maneno yananitoka hovyo. Nikamwambia nimefurahi mno, mama yako leo amenisalimia kwa mkono, tumepatana, sasa wazee wangu wanaweza kuja.

Kabula alisimama njiani. Alinitazama kwa muda, kama anayetafuta usoni mwangu kama ninamdhihaki.

"Masele, kweli hujui?" akaniuliza. "Mama haonani uso kwa uso na mkwewe. Hamli pamoja, hamshikani mikono, mkikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Ndiyo heshima. Mama alianza kukuheshimu msimu ule wa kwanza, kabla hata hujatuma mtu, kwa sababu mimi nilimwambia wewe ndiye. Majirani walimcheka kwamba anamkimbia mkwe ambaye hajamletea hata jembe. Akavumilia."

Nikakumbuka siku ile kwenye mabua. Nilimwona yule mama anatupa kuni chini.

"Nilidhani unajua," akasema. "Unaitwa Masele."

Nikamwambia sikujua, wallahi sikujua, lakini sasa nimejua, na nimekuja kuoa. Nikamwambia habari ya homa, na ya kulia ukutani. Nilimwambia kila kitu, njiani pale, bila mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalijaa machozi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana lingekuwa rahisi kubeba kama angekuwa amenisahau.

"Yule dada wa mjini sikumchukia," akasema. "Nilikuuliza nani amepika, ukanijibu kama mtu anayetaja aliyemshonea kifungo. Nikajua hujanificha kwa sababu hukuona kama kuna cha kunificha. Lori lako lilipoondoka, nikamwambia mama aache kukukimbia. Alinunua kitambaa kipya siku hiyo, akasema miguu yake imepumzika. Halafu masika ile mtu akaja kutoka Masumbwe, ni mkulima, amekuja mara nyingi kwenye matope. Baba amempokea. Mimi pia nimempokea."

Nikamwuliza kama anampenda. Swali la kipumbavu, lakini ndilo lililokuja.

"Anauliza kwetu tunaishije mvua ikinyesha," akasema. "Wewe hukuwahi kuniona mvua ikinyesha."

Kisha akaniaga kwa adabu kama anavyoagwa mgeni wa baba yake, akageuka kwenda kwao. Nilimkuta shangazi amekaa kwenye jiwe anafuta miguu vumbi. Alinionyesha kwa kichwa kwamba tuendelee. Akasema kosa si lako peke yako, sisi tulikuacha ukulie kwenye kota na hatukukufundisha. Lakini ungeniuliza, mwanangu. Miaka yote hiyo mama wa watu anakukimbia, na wewe hukumwuliza mtu mzima hata mmoja kwa nini. Ulijijibu mwenyewe, tena jibu lililokufaa wewe.

Hakunikemea zaidi ya hapo, na alisema kweli. Lile jibu la kwamba mama ananichukia lilinifaa sana. Lilinipa ruhusa ya kupanda lori.

Kabula aliolewa Masumbwe baada ya mavuno. Mimi niliomba nihamishiwe ghala jingine nikakubaliwa. Sikuapa kwamba sitaoa, usije ukawadanganya watu kuwa babu yako alijinyima kwa mapenzi. Nilikutana na wanawake wema, nikawa nasema msimu ujao, msimu ujao, na siku moja nikakuta nywele zimekuwa nyeupe. Kuishi peke yangu nimezoea, kuna siku hata napenda. Napika mwenyewe, na michembe ninajua kuipika, nimejifunza. Ikiiva ninapakua, ninakula, ninaosha sahani.

Kilichonipata zaidi ni kukutana na yule mama. Miaka ya themanini alikuwa akija Shinyanga mjini siku za soko kuuza karanga, amezeeka, na kila aliponiona hakuna siku aliyonipita. Ataniita jina langu kwa sauti mbele ya watu wote, atanishika mkono kwa mikono yake miwili, atanisogezea gunia nikae karibu yake, atanipa karanga nitafune na kuniuliza habari zangu zote. Alikuwa mwema kwangu mpaka alipofariki. Na mimi, kila nilipomwona anakuja sokoni, nilitamani aniangalie kwa mbali, ageuke, apite njia nyingine. Nilitamani hilo kuliko kitu chochote, na hakuwahi kulifanya tena.

Basi nisikilize, maana najua gari lako linaondoka mchana. Sikuambii uoe kesho. Kuna watu wamezaliwa kukaa peke yao, wanakaa vizuri, na ndoa za kulazimishwa nimeziona, sikutakii. Ukitaka kukaa peke yako, kaa. Lakini usimkalie mtu moyoni mwake huku umeweka mguu mmoja kwenye lori. Yule wa Kahama na yule wa Geita, kila mmoja ana mahali anapokuwa wakati wewe hupo. Ana mama, ana mvua zake, ana watu wanaomwuliza habari zako, naye anawajibu kitu fulani. Nenda ukajue anawajibu nini. Kama jibu lake si kweli, mwambie leo, kwa mdomo wako, kabla hajakuwekea akiba ya mwaka mwingine. Atalia, utajisikia vibaya, na bado itakuwa heri kwenu wote wawili. Na kama ukikuta kwamba jibu lake ni zuri, na moyo wako ukapoa ukilisikia, njoo unichukue mimi na wazee wengine upesi, usingoje kwanza uugue.

Na ukiwa ugenini ukaona mtu anafanya jambo usilolielewa, uliza. Usijipe jibu linalokupendeza. Mtu akikulisha, mtazame usoni ujue anamlisha nani, mgeni au mtu wa kwake. Mimi nilikula vya watu wale wawili, Kabula na mama yake, kwa miaka, na sikumtazama hata mmoja wao vizuri.

Haya, simama nikutemee mate ya baraka, usicheke. Mungu akutangulie njiani na akurudishe mzima. Akupe nyumba ambayo humo ndani utajulikana, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Akupe mtu wa kukuuliza kama umeshiba, nawe uwe na macho ya kumwona, na ukweli wa kumjibu. Nenda, mwanangu. Ukipita Masumbwe, usimtafute mtu, wasalimie tu wote utakaowakuta.